Misalaba Mitatu Tumboni kwa Fundi Hezekia

Pale Mikumi ukiuliza fundi wa majoho ya kwaya, hata mtu asiyekanyaga kanisani atakuelekeza kwa Hezekia. Miaka thelathini amekaa nyuma ya cherehani yake kando ya barabara kuu, miwani imeshuka puani, chaki iko sikioni, anaimba besi huku akikanyaga. Hajawahi kumharibia mtu kitambaa, isipokuwa mara moja, na mara hiyo kosa halikuwa lake.

Alipotimiza miaka hamsini na tisa, suruali zikaanza kumpwaya. Alizipunguza kiuno mara ya kwanza, akazipunguza tena, na mara ya tatu akaweka mkasi chini, akaenda hospitali. Picha zilionyesha uvimbe mkubwa kwenye ini, umeshaukumbatia mshipa wa damu, wala hautolewi kwa kisu. Daktari wa Dar es Salaam hakumzungusha. Alimwambia kuwa saratani imefika mbali na kuimaliza yote hawezi kumwahidi, ila mionzi ikielekezwa mahali penyewe hasa, inaweza kuusinyaza uvimbe na kumrudisha kwenye cherehani.

Hezekia alilishika hilo la kuelekezwa mahali penyewe. Hiyo ilikuwa lugha ya fundi.

Alhamisi, hukohuko Dar, akalala kwenye mashine ya picha, akaambiwa avute pumzi na kuishikilia ili ini litulie. Akaishikilia mpaka Devota, binti aliyeendesha mashine, akaja kuchungulia kama mgonjwa bado yuko naye.

"Baba, haya umejifunzia wapi?"

"Kwenye kwaya, mwanangu. Sisi wa besi ndio tunaobaki wengine wakiishiwa."

Devota akacheka, kisha akamchora tumboni na ubavuni misalaba mitatu ya wino wa zambarau. Akamwonya kwamba mashine ya mionzi italengwa kwa alama hizo siku ya Jumanne. Zikifutika, picha zitarudiwa, naye atakwenda mwisho wa foleni ya wiki nyingi. Uvimbe ule haukuwa wa kusubiri foleni.

Ijumaa akapanda treni ya umeme mpaka Kilosa, kwa dada yake mkubwa, Naomi, mtaa wa Magomeni wa hukohuko Kilosa. Jumapili ilikuwa sikukuu ya mavuno kanisani kwa dada yake, na besi yake ilihitajika. Naomi ni mwalimu mstaafu na mjane, mtoto wa kwanza wa mwinjilisti, na ndiye aliyemlea Hezekia baada ya mama yao kufariki. Kwake shati halitoki nje bila pasi, na jina la baba yao halichezewi.

Jumamosi asubuhi Hezekia alikuwa uani akijifuta kwa kitambaa chenye maji, akiikwepa misalaba yake, jirani yao Bi Joha alipoingia kuazima ungo. Joha akaliona tumbo. Akasalimia vizuri, akachukua ungo, akaondoka. Kabla ya adhuhuri wanawake wawili walikuwa wamekuja kumpa Naomi pole kwa sauti ya chini, na mmoja akataka kujua kama mganga aliyemchanja mdogo wake ni yule wa kijiji cha Msowero.

Naomi aliwasindikiza kwa heshima zote. Aliporudi alikuwa na beseni la maji ya moto, sabuni na dodoki. Akamweleza mdogo wake kwamba katika ukoo wa mwinjilisti hakuna aliyewahi kuonekana na alama za mganga, na kesho atasimama mbele ya kanisa zima. Hospitali walikwisha kupiga picha zao. Kwa hesabu yake, wino ulikuwa umemaliza kazi.

Hezekia alijaribu kueleza, lakini mbele ya dada yule alikuwa bado mtoto anayeambiwa aoshe masikio. Akaketi kwenye kigoda, akapandisha shati. Dodoki likachovywa.

"Dada," akasema, "unalikumbuka lile gauni lako la sikukuu ya akina mama?"

Mkono wa Naomi ukasimama hewani. Nani angelisahau? Mwaka ule Hezekia alipima kitambaa, akakichora chaki na kukiacha mezani. Naomi akakiona kichafu, akakifua na kukipiga pasi. Hezekia akakata kwa kukisia, mkono mmoja ukaishia kiwikoni na mwingine kiganjani. Naomi alilivaa vivyo hivyo, kidevu juu, na aliyeuliza aliambiwa huo ndio mtindo wa mjini.

"Kitambaa tulinunua kingine," Hezekia akasema. "Tumbo ninalo hili moja."

Naomi akalitazama dodoki, kisha ile misalaba. Akamwaga maji.

"Usishushe shati," akasema. "Ngoja niwaite."

Akawaketisha sebuleni Joha na wale wawili, akawapa chai, akachukua rula yake ya shuleni. Hezekia akasimama kama ramani ukutani. Naomi akaonyesha ini lilipo, mionzi itakapopitia na itakapokutana, na kwa nini fundi mwenye akili hakati kabla ya kuchora.

"Sasa Mwalimu," Joha akasema, "mbona hukusema mapema? Mimi nimeshamwambia mpaka muuza mkaa."

"Basi rudi ukamwambie na haya."

Jumapili Hezekia aliimba, misalaba ikiwa chini ya kitambaa laini ambacho Naomi alikikagua asubuhi na jioni. Jumanne Devota aliikuta yote mitatu mahali pake. Siku tano za mionzi zikapita, akachoka, chakula kikamkataa, kisha kikamkubali.

Picha ya miezi mitatu baadaye ilionyesha uvimbe umenywea mpaka nusu. Bado upo, na kila miezi mitatu atarudi kupimwa. Lakini suruali zake amezifumua kiuno tena, na juzi Naomi alikuja Mikumi kupimiwa gauni jipya. Kitambaa kilipochorwa, aliketi mbali nacho, mikono mapajani, mpaka mkasi ulipomaliza.