Mtani wa ufukweni: alituibia au alitusaidia? Mimi nimeshindwa kuelewa

Wakuu, poleni na majukumu. Naandika nikiwa Gare, huku juu Lushoto. Mvua imenikalisha ndani na kichwa hakijatulia. Haya yamenikuta mimi na mama yangu mzazi, na sijaongeza chumvi popote. Majina sitaweka, na jiji lenyewe nitaliita jiji la pwani, lile la mahoteli ya ufukweni.

Mnisome taratibu, maana hata mimi sijajua mpaka leo nimkasirikie nani.

Baba yetu alifariki mwaka jana. Alikuwa anaimba besi kwenye kwaya tangu sijazaliwa. Baada ya matanga Mama akanyamaza. Sio kwamba alikuwa analia, hapana. Anapika, anapalilia maharage, anaenda kanisani, ila kuongea haongei.

Kitu pekee kilichokuwa kinamchangamsha ni simu yangu. Humo nilikuwa na video za Baba: yuko shambani, yuko mazoezini kwaya, nyingine ananigombeza tu. Kila jioni Mama anaichukua, anakaa jikoni karibu na moto, anasikiliza ile sauti. Kwa ajili yake nikatoa hadi password ili aweze kuifungua mwenyewe.

Zile video hazikuwepo sehemu nyingine yoyote. Backup sikuwa nayo. Najua mtakachosema, semeni tu.

Sasa siku moja Mama akasema anataka kuiona bahari. Maisha yake yote ameiona kwenye kalenda. Nikasema sawa, nikafunga duka langu la pembejeo, tukashuka.

Wakuu, mimi sio mshamba kiasi hicho. Nilikuwa nimejisomea humu humu nyuzi za utapeli wa fukweni. Gesti sikulipia online, nilienda kuiona kwanza kwa macho. Hela niliigawa mifuko tofauti. Waliokuja na boti za "bei ya ndugu" niliwakatalia. Mmoja akaja na shanga, akataka kumvalisha Mama mkononi kwa nguvu halafu adai malipo, nikamwambia kaka asante, tunazo nyumbani. Nilijiona nimeiva.

Mchana tuko mchangani, Mama ananiambia kwa Kisambaa kwamba maji yanamvuta miguu, akatokea jamaa mmoja nadhifu, shati la mikono mifupi, kitambulisho kinaning'inia shingoni.

Akapiga goti kidogo. "Shikamoo mama." Halafu akaongeza, "Onga mshi," ile salamu yetu ya mchana.

Mama akageuka kama kaitwa na mtu wa nyumbani. Jamaa akasema yeye ni wa upande wa Rangwi, huko huko kwetu milimani, ni mtembeza wageni, na amefurahi kusikia lugha yake. Akauliza kama ukungu bado unashuka mapema. Akauliza viazi vimekuwaje msimu huu. Akambebea Mama viatu visilowe.

Niseme ukweli, nilisikia raha. Ugenini mtu akikusalimia kwa lugha ya mama yako, unajikuta umeshusha mabega.

Akaniambia, "Kila picha unampiga mama peke yake. Leta simu niwapige wote wawili."

Nikampa.

Hapo hapo, wakuu, akaja mwingine. Huyu alikuwa anakodisha matairi ya kuogelea, kaptula imepauka, sauti kama spika ya mnadani. Alikuwa ametusikia.

"Wasambaa hawa! Nani kawaruhusu kushuka? Mlimani mmemwachia nani, nyani?"

Mama akamuuliza yeye nani. Akajibu yeye Mzigua, tena Mzigua wa kabila zima. Akachukua kikapu cha Mama, kilikuwa na mapeasi tuliyokuja nayo, akasema, "Hiki kimetekwa. Mkitaka mje mkikomboe," akaanza kukimbia nacho huku anatafuna peasi.

Kwa wasiojua: Msambaa na Mzigua ni watani. Mtani anaweza kukutukana hadharani, anaweza kubeba kitu chako akadai fidia, na wewe ukinuna ndiye mwenye kosa. Wengi wa rika langu wameyaacha haya. Mama hajayaacha.

Mama akacheka. Nyie acheni tu. Tangu tumzike Baba sikuwa nimeona meno yake. Akanisukuma, "Mfuate, kakomboe kikapu chetu."

Nikamfuata na mimi nacheka. Nikamkamata kwenye matairi yake, tukavutana kikapu, akanitukana kidogo, nikamwachia mapeasi mawili kama fidia. Nikarudi.

Mama yupo, macho yake yalikuwa kwetu muda wote. Viatu vyake vipo mchangani, vimepangwa vizuri kabisa. Jamaa wa shikamoo hayupo, na simu haipo.

Nilizunguka ule ufukwe kama kuku aliyekatwa kichwa. Nikauliza mahotelini, hakuna anayemjua. Nikapiga namba yangu kwa kitochi cha Mama, imezimwa. Nilichokuwa nakiona kichwani ni Mama jioni jikoni, hana cha kusikiliza.

Nikarudi kwa mtu wa matairi, nikamkunja shati. Nilimwambia wao ni timu, mmoja anachekesha na mwingine anabeba. Watu wakajaa.

Akasema, "Mimi yule simjui. Nilijua mtu wenu, si mlikuwa mnaongea wote Kisambaa?"

Nikasema twende polisi. Hapo Mama ndiye aliyenizuia, tena kwa mkono.

"Mtani hashitakiwi, mwanangu. Ukimpeleka mtani polisi, siku ukifiwa nani atakuja kwako?"

"Mama, ametuibia."

"Aliyeondoka na simu ni yule aliyepiga goti. Huyu amechukua mapeasi, na ameyala mbele yetu."

Halafu akafanya jambo lililonimaliza nguvu. Akampa yule mtu namba yake ya simu. Akamwambia akisikia lolote ampigie. Mimi nilienda kuripoti upotevu, nikafunga laini, tukalala, asubuhi tukapanda gari kurudi. Njia nzima Mama hakusema neno, na kimya kile nilikuwa nakijua.

Wiki kadhaa zikapita. Jioni Mama akawa anakaa jikoni mikono mitupu. Nilijaribu kumwekea nyimbo za kwaya nyingine kwenye simu mpya, akasikiliza kwa adabu, akanirudishia.

Siku hiyo tunachambua maharage, kitochi chake kikaita. Ni yule wa matairi.

"Wasambaa, simu yenu ninayo. Nataka jogoo. Awe wa kienyeji, tena mwenye kelele kama mwanao."

Nikanyang'anya kitochi. Nikamuuliza ameipata wapi.

"Mtani haulizwi. Ila nimeipata tupu, fundi ameshaisafisha. Sijui kulikuwa na nini humo."

Nikakata. Nikamweleza Mama kwamba huu ni mchezo unaojulikana. Wanakuibia, wanakuuzia kitu chako mwenyewe, na ukituma cha kwanza watadai cha pili. Nikamwambia hatutumi hata unyoya. Mama akaendelea kuchambua maharage.

Baadaye nikagundua jogoo hayupo bandani. Nilipouliza, Mama akasema amesafiri.

Kumbe amemfunga miguu, kamweka kwenye tenga, kamkabidhi kondakta wa basi na namba ya mpokeaji. Nilikasirika, wakuu. Nilimwambia anatapeliwa kwa mara ya pili na safari hii kwa hiari yake. Akanijibu kwamba tapeli anataka hela, tangu lini tapeli akataka jogoo.

Tenga lilirudi na basi. Ndani kuna papa mkavu kafungwa kwenye gazeti, na simu yangu.

Ni yenyewe, ufa wake ule ule pembeni. Nikaiwasha. Ikanikaribisha kama imetoka dukani, ikaniuliza nachagua lugha gani. Hakuna picha, hakuna video, hakuna Baba. Mama aliishika akaigeuza geuza, akaniuliza kama labda zimejificha mahali. Nikamwambia hazipo. Nililia, sioni aibu kuandika.

Yeye hakulia. Akachukua kitochi akampigia mtani kumshukuru. Nikamwambia unamshukuru nini? Akaweka spika, akanipa ishara nitulie.

Akamwambia mzigo umefika, na papa ni mzuri. Halafu akamwambia ambacho hatukuwahi kumwambia: kwamba mume wake amefariki, na sauti yake ilikuwa kwenye ile simu.



"Kwa hiyo yule mzee ni marehemu," akasema yule mtu, polepole, bila ule ukelele wake. "Na mimi mtani sikuja kuzika. Mama, niruhusu nifanye kazi yangu."

Mama akasema, "Fanya."

Kwetu, msibani, mtani ndiye anayemwigiza marehemu. Anatembea kama yeye, anaongea kama yeye, wafiwa wanacheka huku wanalia, na uchungu unapata njia ya kutokea. Baba alizikwa bila mtani. Hakuna aliyekumbuka kumwita.

Yule mtu akasafisha koo. Kisha ikatoka sauti ya Baba.

"We bwana, weka hilo lidude chini, njoo unishikie ngazi. Nikianguka utawapigia picha wazikaji?"

Wakuu, hayo ni maneno ya Baba, ameniambia mimi, akiwa juu ya mti wa parachichi, nikimrekodi. Kile kikohozi mwishoni ni chake. Namna ile ya kuvuta neno "ngazi" ni yake. Halafu akaanza kuimba besi, ule ubeti wa pili ambao Baba alikuwa anaukosea kila mara, akaukosea pale pale.

Mama alikuwa anacheka. Machozi yanamtiririka, ameshika magoti, anacheka.

Mimi nimesimama mlangoni hesabu zinagoma. Alisema ameipata simu tupu. Mtu aliyepata simu tupu angemjuaje Baba? Hii sio kazi ya kutazama mara moja. Huyu alikaa na Baba yetu, akamsikiliza tena na tena. Hadi ile ngazi, hadi kikohozi, hadi kosa la ubeti wa pili.

Kwa hiyo alikuwa nayo kabla haijafutwa. Kwa hiyo ni yeye? Au yule wa shikamoo alimwonyesha? Na kama ni mwizi, kwa nini ajifichue mwenyewe kwa mdomo wake, wakati hakuna aliyekuwa anamtafuta tena?

Nikamwinamia Mama sikioni. "Mama, huyu aliziona video kabla hazijafutwa. Alitudanganya."

Bila kunitazama akasema, "Najua. Nyamaza kwanza, hajamaliza kuimba."

Basi ndugu zangu, ndiyo hayo. Mkienda fukwe za watu, simu usimpe mtu, hata akikusalimia kwa lugha uliyonyonya nayo. Nilikuwa nimejikinga na wageni wote nikamsahau wa nyumbani. Weka password. Video za wazazi wako zihifadhi sehemu zaidi ya moja, leo, kabla hujafunga uzi huu.

Hilo la mtani ndilo sina somo lake. Kila Jumapili baada ya ibada Mama anampigia, anakaa jikoni na kitochi, wanacheka. Ameanza kuongea tena, hata majirani wameona. Mimi jina la yule mtu ninalo, namba ninayo, na ufukwe anaokodisha matairi naujua.

Na vocha za Mama za kumpigia nanunua mimi. Ungekuwa wewe, mkuu, ungefanyaje?