Suruali ya Khaki, Sekunde Kumi na Moja

Chirau Boga, aliyemwoa shangazi yangu Mbodze, alilipwa mshahara kwa kuwasha vitu. Ndivyo walivyosema watu wa Msambweni, na wengine wamekufa wakiamini kwamba ile haikuwa kazi.

Shamba la mkonge la Mwagomba, ambalo leo ni vichaka na mabanda mawili yasiyo na paa, liliunguliwa na ghala mwaka 1957. Ndani mlikuwa na dawa fulani ya unga ambayo hakuna aliyejua tabia yake. Baadaye akaja mkaguzi kutoka Mombasa na masharti: hakuna dawa ya unga itakayoingia ghalani kabla haijajaribiwa kwa moto, na majibu yabandikwe mlangoni. Meneja Mzungu akatafuta mtu asiye na haraka. Akaonyeshwa Chirau, karani wa kuhesabu magunia, ambaye hakuwahi kukosea hesabu wala kumchekesha mtu.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Aliianika dawa mpaka ikakauka kabisa, akailaza juu ya kigae cheupe kwa mstari mwembamba wa futi moja, akawasha ncha moja na kubonyeza saa. Moto ukifika alama ya pili kabla ya sekunde arobaini na tano, dawa ilipata karatasi nyekundu na kwenda kukaa peke yake katika banda la mawe. Usipofika, ilipata karatasi nyeupe. Kila dawa aliijaribu mara sita. Mzungu alimwambia mara tatu zinatosha. Chirau akamjibu kwamba tatu ni za kampuni, na tatu zilizobaki ni zake mwenyewe.

Alipokwenda kuposa, aliomba ruhusa achomoe kipande cha kuti kwenye paa la babu yangu. Akatoka nacho nje, akarudi, akawaeleza wazee waliokuwa wamekaa kwa heshima zao nyumba ile ingechukua muda gani kuteketea. Babu alitaka kuivunja posa pale pale. Shangazi akasema anamtaka huyo huyo, kwa kuwa angalau hatadanganywa. Alijengewa nyumba ya mabati, akaokwa humo kila Januari kwa miaka sita, wala hakudanganywa.

Mwaka 1961 ililetwa dawa mpya ya kuua magugu, nyeupe, chembechembe kama chumvi ya mawe. Chirau aliijaribu mara sita, na mara zote sita moto ulikataa kutembea. Akaandika daftarini: Haiwaki. Akaweka sahihi, akabandika karatasi nyeupe mlangoni. Kuanzia hapo wapiga dawa kumi na wawili wakawa wanaichanganya na maji katika madebe na kuinyunyizia mkonge, na kila siku walirudi kambini suruali zimelowa hadi magotini. Mmoja wao alikuwa Randu, mdogo wake shangazi, ambaye baadaye alikuja kuwa baba yangu.

Ikaja Desemba ya uhuru. Mzungu alikuwa amekwisha funga masanduku yake, na mambo ya wafanyakazi yakawa mikononi mwa Bwana Kalama, kijana wa Rabai aliyesoma, mwenye kalamu tatu mfukoni, zote zikiandika. Kalama alipanga kwamba jioni ya tarehe kumi na mbili kutakuwa na maandamano ya mienge mbele ya wageni kutoka Kwale. Watakaobeba mienge ni wapiga dawa, kwa kuwa ndio pekee wenye sare. Na baada ya maandamano atatangaza Mkaguzi wa Usalama wa kwanza mwenyeji, atakayepewa nyumba ya mawe yenye sakafu ya saruji. Jina lilikuwa limekwisha andikwa, nalo lilikuwa la Chirau. Shangazi alikuwa amekwenda mara mbili kuichungulia sakafu hiyo dirishani.

Sasa, kisima cha kambi kilikuwa na maji ya chumvi yaliyoiachia khaki mabaka. Kwa hiyo suruali inayotakiwa kupendeza haikufuliwa. Ilipigwa brashi, ikapakwa wanga wa muhogo na kupigwa pasi mpaka ikasimama yenyewe. Asubuhi ya sherehe shangazi alikuwa akimpigia Randu pasi ya makaa, cheche ikaruka ikaangukia pindo la mguu wa kushoto. Haikutoboa tundu kama cheche zinavyofanya siku zote. Pindo lote liliondoka. Shangazi aliuzima moto kwa uji wa mtoto, sufuria nzima, kisha akakata kipande kikavu cha mguu ule, akaenda nacho mpaka kwa mumewe.

"Baba Mwanasha," akamwambia, "ile dawa yako isiyowaka imewaka."

Chirau hakubisha. Alikata ukanda wa khaki kutoka suruali yake mwenyewe, ya jora lile lile, akaupaka wanga ule ule. Ukafuka moshi na kuzima. Akalaza kipande cha Randu juu ya kigae. Alipobonyeza saa mara ya pili hapakuwa na kipande. Akaelewa kwamba dawa peke yake haikuwa na moto, ila ikishaingia ndani ya nguo na kukauka, inaifanya nguo iwe na moto wa kutosha watu wawili. Yeye siku zote alikuwa akikifuta kigae vizuri kabla ya kuanza. Hakuwahi kuijaribu dawa ikiwa pamoja na kitu kingine.

Akaenda kwa Kalama kumwomba azuie mienge. Kalama akainuka, wakaenda wote mpaka mlangoni pa ghala, akaweka kidole kwenye karatasi nyeupe.

"Sahihi hii ni ya nani, Mzee Chirau?"

"Ni yangu."

"Basi mimi nitamwamini huyu. Huyu alijaribu mara sita. Wewe umejaribu mara moja, tena kwa pindo."

Kisha akapunguza sauti, kwa sababu hakuwa mtu mbaya, akamweleza kwamba milango ya shamba lile ilikuwa na karatasi zaidi ya sitini zenye sahihi ile ile. Mkaguzi wa Mombasa akisikia kwamba moja ni ya uongo, atauliza habari za zote, na mtu wa namna hiyo hawezi kupewa nyumba ya mawe. Akamshauri aende akapumzike, avae vizuri, arudi jioni.

Chirau akamshukuru. Akaibandua karatasi nyeupe, akabandika nyekundu, akaweka sahihi, kisha akaenda kambini.

Ilikuwa saa kumi alasiri. Wapiga dawa walikuwa wamejipanga, suruali zimenyooka, mienge imelowa mafuta ya taa. Chirau akawaamkia, akawaomba wavue suruali. Walimtazama kwa adabu wakabaki nazo. Akaeleza mambo ya dawa na nguo, kwa urefu, akitaja sekunde. Jefwa, mkubwa wao, akasema mlangoni imeandikwa haiwaki. Chirau akasema aliyeandika alikosea. Jefwa akauliza ni nani. Chirau akasema ni mimi. Wakamtazama zaidi.

Randu ndiye aliyekasirika. Dada yake alikuwa ameifupisha miguu yote miwili ili ilingane, naye alikuwa amejipanga mbele ili msichana mmoja wa Kinondo, jina lake Dama, amwone. Alifungua mkanda, akaivua, akamtupia shemeji yake kifuani.

"Haya, ijaribu."

Chirau akaitandaza mchangani, akainyoosha miguu, akawasha pindo la kulia na kubonyeza saa. Moto ulipofika kiunoni akabonyeza tena. Randu alikuwa amesimama na shati lake jeupe, akiyatazama majivu yaliyokuwa bado na umbo la miguu yake. Chirau akasoma kwa sauti: "Kumi na moja." Jefwa akaanza kufungua mkanda.

Waliandamana kumi na wawili kwa vikoi na mashuka ya kuazima. Wageni wa Kwale walipiga makofi sana, na mmoja akasema katika hotuba yake kwamba amefurahi kuona vijana wakiyathamini mavazi ya nyumbani. Kalama alipiga makofi pia. Jina alilolitangaza lilikuwa la mtu mwingine, aliyetoka Mombasa na hakujua kigae ni cha nini. Shangazi hakuikanyaga ile sakafu. Aliudhika mwezi mzima, na miaka mingi baadaye alinieleza waziwazi kwamba aliudhika, na kwamba hakujua amuudhikie nani.

Baba naye hakumsamehe Chirau. Mpaka anazeeka, kila uhuru ulipotajwa, alisema siku hiyo ndiyo aliyopoteza suruali yake nzuri kuliko zote. Mama, ambaye ni yule Dama wa Kinondo, alikuwa anatoka kwenda kutazama jiko.

Chirau alipofariki nilipewa daftari lake. Mstari wa dawa ile ya mwaka 1961 umekatwa kwa rula, na pembeni ameandika: Nilikosea. C. Boga. Kurasa chache mbele, kwenye safu ya kitu: suruali ya khaki, ya shemeji. Safu ya muda: sekunde 11. Safu ya majibu: inawaka. Mimi nilizaliwa mwaka 1965. Daftari halina safu ya kuandika hilo.