Nani Kala Alhamisi?

Muuguzi mmoja, mama wa watoto watatu, alichoka kushika mwiko kila jioni akitoka zamu. Basi Jumapili akashinda jikoni, akapika vyakula vya wiki nzima, akavigawa kwenye vyombo na kila chombo akakiandika siku yake.

Jumanne alirudi miguu ikimuwaka moto. Akafungua friji, akakuta vyombo vyote vitupu.

"Nani kala Alhamisi?"

"Baba alikuja na wenzake wa kazini," akasema kitinda mimba wake. "Wamekusifu, mama! Wamesema watarudi."

Mumewe akachungulia mlangoni akitabasamu. "Mke wangu, leo tunakula nini?"

Mkewe akaanza kumenya vitunguu na sare yake bado mwilini, huku akitamani zamu ya kesho ianze saa hiyo hiyo.