Kofia ya Taa Nyekundu

Najua utasema nilikuwa nimelewa rubisi. Sikuwa nimegusa hata tone. Haya yalinipata mwenyewe, kwetu Buganguzi.

Ukoo wetu wanaume wote tuna vipara. Baba alifariki bado kijana, mimi nikiwa mdogo, na ninachokumbuka ni kipara chake kikipita kati ya migomba. Changu kilianza nikiwa kijana kabisa. Wachumba wakanikimbia. Mama naye alipofariki, nikabaki peke yangu na kibanja, shamba letu la migomba, makaburi yao mawili yakiwa nyuma ya nyumba. Upweke ule, we acha tu.

Nikaenda kwa mtaalamu wa nywele Bukoba mjini. Akanieleza kwamba kipara cha kurithi hakiishi, ila mizizi ya nywele iliyolala huweza kuamshwa kwa mwanga mwekundu, na ukiacha, nywele zinaondoka tena. Akaniuzia kofia yenye vitaa kwa ndani. Nikawa naivaa kila jioni barazani. Usicheke, ilifanya kazi! Baada ya miezi kadhaa nikawa najipapasa kichwa huku nikitabasamu peke yangu.

Jioni moja, jua likizama, akaja mwanaume wa rika langu, kavaa koti na kofia ya zamani. Nikamkaribisha kwa kahawa ya kutafuna, kama tunavyomkaribisha mgeni yeyote. Akazipokea punje, hakutafuna.

"Namtafuta mwanangu, waitu," akasema kwa heshima ya Kihaya. "Nimesikia yuko peke yake."

"Anaitwa nani?"

"Majina yamenitoka. Nitamjua kwa kichwa. Ni kama hiki changu."

Akavua kofia. Niamini, kipara kile nilikijua. Ungekuwa wewe ungefanya nini? Nikavua yangu haraka anione vizuri, nikataka kumwita baba, "Tata!", lakini akaniwahi. Akaziangalia nywele zangu, akasikitika.

"Basi si hapa. Unisamehe kwa usumbufu."

Akapotelea migombani. Kulipokucha nikazikuta zile punje za kahawa juu ya kaburi la baba.

Kofia nimeiacha, na nywele zimepukutika zote. Kila jioni nakaa barazani kichwa wazi, taa ikiwaka, kahawa kwenye kisahani. Hajarudi, na sijui anahangaika kwenye nyumba za nani.

Wewe unayeitaka kofia kama ile, inunue, sikukatazi. Ila jiulize kwanza kama kuna mtu wako atakayekuja kukutafuta kwa hicho unachokificha.