Neno Alilojibu Nyamizi Kituoni

Nyamizi alipohamia Shinyanga mjini mwaka 1968 alikuwa mjane wa miaka thelathini na miwili, na Kiswahili chake kilikuwa cha kusalimia na kununulia chumvi tu. Kwao, upande wa Kishapu, pamba ilikuwa imekauka misimu miwili mfululizo. Akamwacha mwanawe Kalisti kwa bibi yake, akaja kwenye kazi aliyotafutiwa na shangazi: kulea mtoto wa Akida, mwuza vitambaa mwenye asili ya pwani, na mkewe Mwanaidi.

Siku ya kwanza Mwanaidi alimshika mkono akamtambulisha kwa majirani. "Huyu ndiye yaya," alisema.

Moyo ukamlipuka Nyamizi. Kwa Kisukuma yaya ni hapana, basi. Alidhani amekataliwa mbele za watu, akaingia ndani kufunga nguo zake. Ikabidi shangazi aitwe kumweleza kuwa Waswahili humwita hivyo mlezi wa watoto, na wakiwa wengi ni mayaya. Nyamizi alicheka kwa aibu, lakini mdomo wake haukubadilika; kila alipokataa kitu, neno lilikuwa lile lile. Na Zamoyoni, binti wa miaka mitatu aliyekuwa akimlea, alimwita hivyo kutwa nzima.

Asubuhi moja ya mwezi wa nane walikwenda bombani. Nyamizi alimshusha mtoto mgongoni ili ajitwishe ndoo. Hapo hapo likapita kundi kubwa la ng'ombe wa mnadani, vumbi likafunika njia nzima. Lilipotua, mtoto hakuwepo.

Aliita mpaka sauti ikamkauka. Alilifuata kundi akichungulia katikati ya miguu ya ng'ombe, akiogopa kitu atakachokiona. Aliporudi nyumbani peke yake, Mwanaidi hakupiga kelele. Alimtazama mgongoni, penye kanga tupu, akaketi sakafuni. Akida ndiye aliyempeleka Nyamizi kituo cha polisi, kisha akarudi kumtafuta mtoto.

Koplo waliyemkuta alikuwa mgeni kutoka kusini, asiyejua hata salamu ya Kisukuma. Siku zile mjini kulivuma habari za watoto kuibwa, naye aliuliza kwa haraka na kwa ukali. Nyamizi aliambulia maneno machache: mtoto, nani, kuuza.

"Nani amemchukua mtoto?"

"Yaya," alijibu Nyamizi.

"Na nani amemuuza?"

"Yaya. Yaya, baba," alisema huku akitikisa kichwa na machozi yakimtiririka.

Koplo akaandika. Kisha akamshika kidole gumba, akakichovya kwenye wino, akakigandamiza chini ya karatasi.

Nyamizi hakuelewa kilichoandikwa, lakini mlango wa mahabusu ulipofungwa nyuma yake aliuelewa. Mkojo ulimtoka, wala hakupata nafasi ya kuona haya. Aliwaza kwamba Zamoyoni amekufa, na kwamba yeye atanyongwa na Kalisti hataambiwa mama yake alikosa nini. Kila buti lilipolia kwenye baraza alijibana ukutani zaidi.

Mchana aliingia zamu askari aitwaye Stanslaus, mzaliwa wa Mhunze, huko huko Kishapu. Alipoisoma ile karatasi alishangaa mtu anayekiri huku akijiita yaya, kana kwamba anamtaja mtu mwingine. Akamwendea, akamuuliza kwa Kisukuma kama ni yeye aliyemuuza mtoto.

"Yaya," alisema Nyamizi, kisha maneno yakamwagika yote: bomba, ng'ombe, vumbi.

Stanslaus alirudi mezani. "Afande, huyu mama hajakiri kitu. Amekukatalia mara zote."

Koplo hakukubali. Alisema anajua maana ya yaya, dole gumba liko pale, na kesho mtuhumiwa atapelekwa mahakamani.

Ilipofika saa tisa alasiri akaingia Serafina, mshonaji aliyekimbia vita Kongo na kupanga chumba karibu na stesheni ya reli. Kiunoni alikuwa amembeba Zamoyoni, uso mzima vumbi. Alieleza kwamba alimkuta mtoto akilia peke yake nyuma ya kundi, akimtaja yaya. Kwao yaya ni kaka au dada mkubwa, basi tangu asubuhi alikuwa akipita mlango kwa mlango akiuliza ni binti gani, au kijana gani, aliyepotelewa na mdogo wake. Kila mtu alimwambia hakuna, ndipo akaona amlete polisi.

Koplo aliichana karatasi. Hakuomba radhi, alimwambia Nyamizi ajifunze Kiswahili.

Mwanaidi alimpokea kwa kilio, na kuanzia siku ile akamwita Mama Kalisti. Nyamizi alishukuru, lakini hofu haikumtoka. Kwa wiki nyingi alijibu kwa kichwa tu, na aliendelea kumfunga Zamoyoni mgongoni hata mtoto alipokuwa mzito na mkubwa wa kutosha kutembea mwenyewe. Akiona kofia ya askari kwa mbali alibadili njia, hata kama ni kuzunguka soko zima.

Mwaka 1972 mvua ziliponyesha vizuri, aliaga akarudi Kishapu. Alilima pamba mpaka uzeeni, na mjini hakukanyaga tena.