Mbwa wa Jumamosi

Mpaka mwisho wa maisha yake, Roswitha Lüders alitembea mkono wa kushoto akiwa ameurudisha nyuma kidogo, vidole vimekunjwa, kama mtu aliyeshika kamba. Hata sokoni, akichagua matufaha, mkono ule ulibaki palepale. Watu wa Husum, mji mdogo wa pwani ya kaskazini ya Ujerumani, walishamzoea. Binti yake Wiebke ndiye aliyeshindwa; kila alipouona mkono ule mtupu, alitazama kando.

Mazoea hayo yalitoka kwenye kituo cha mbwa wasio na wenyewe, nje kidogo ya mji. Kila Jumamosi Roswitha alichukua mbwa mmoja, akamtembeza juu ya tuta la kuzuia bahari, kisha akamrudisha. Mbwa walikuja, wakachaguliwa na familia, wakaenda zao, naye aliwafurahia. Ndipo akaletwa Tammo, dume kubwa la kahawia lenye mvi mdomoni, ambaye bwana wake alikuwa amehamishiwa makao ya wazee. Waliotaka mbwa walimpita wakaenda kwa watoto wa mbwa. Roswitha hakutembeza tena mwingine.

Vuli moja Wiebke alikuja kutoka Hamburg kumtembelea, wakaenda pamoja. Upepo ulikuwa mkali, kondoo waliolishwa kwenye tuta wamejikunyata.

"Anatembea kama mzee aliyepoteza miwani," Wiebke alisema.

"Basi tumepatana. Na wewe umekuja na viatu vya harusini."

Waliporudi langoni mwa kituo, Tammo aliketi juu ya kokoto akakataa kuingia. Roswitha hakumvuta. Alisimama naye, wote wawili wakitazama walikotoka, mpaka mbwa akainuka mwenyewe. Alipomwingiza ndani, Bi Thomsen, msimamizi wa kituo, alimuuliza Wiebke yeye ni nani wa Roswitha. Wiebke akajibu ni binti yake, wa pekee.

Bi Thomsen aligeuka kumtazama vizuri. "Alituambia hana mtu."

Kisha akaeleza. Mtu wa umri wa Roswitha hupewa mbwa iwapo tu yupo atakayeahidi kumchukua, siku mwenyewe asipoweza tena. Walikuwa wamemuuliza Roswitha zaidi ya mara moja, maana kila mtu pale aliona jinsi anavyomtaka Tammo.

Walipokaribia nyumbani, Wiebke aliuliza.

"Mama, kumbe mimi sipo duniani?"

Roswitha alicheka, kisha akaacha. "Una maisha yako. Mtu hamtwishi mwanawe mbwa mzee."

"Ungeniuliza."

"Ungekubali kwa kunihurumia. Sitaki."

Wiebke aliishi ghorofa ya tatu, kazi yake ilikuwa ya zamu, na tangu utotoni aliwaogopa mbwa. Lakini hayo yote yalikuwa na dawa. Lililomzuia ni kwamba kuahidi ni kukiri kuwa siku ile itafika. Alirudi Hamburg bila kuahidi. Wiki nzima, kila alipofumba macho, alimwona mama yake amesimama langoni na mbwa asiye wake. Mwishowe akapiga simu, si kwa mama, bali kwa Bi Thomsen, akasema siku hiyo ikifika nitamchukua mimi.

Roswitha akapewa Tammo, wakakaa pamoja misimu miwili ya baridi. Simu za Jumapili zikawa ndefu. Mama, ambaye zamani alizungumzia mvua tu, sasa alikuwa na habari. Wiebke alikuwa akisikia pumzi nzito ya mbwa karibu na simu, akatamani kuwa chumbani mle. Lakini kila alipofika, Tammo alijificha chini ya meza.

Mwezi Machi moyo wa Roswitha ulimlaza hospitali. Wiebke akahamia Husum kumwangalia mbwa. Jioni moja, kando ya kitanda, alilalamika kwamba Tammo halali ila nyuma ya mlango, hagusi chakula, na kwamba yeye humwita mpaka sauti inamkauka.

Roswitha alivuta pumzi mara kadhaa kabla ya kusema.

"Usimwite, mwanangu. Keti sakafuni, mpe mgongo, umenye viazi. Atakuja. Huchelewa tu."