Jina la Aliyemdaka Nahodha

Siku ya kwanza kazini nilifika Makutano, Meru, mapema kuliko mwenye funguo. Ofisi ya gazeti letu ilikuwa chumba kimoja juu ya duka la mbegu: taipureta moja, simu moja, na mkuu wa ofisi ambaye hakunikaribisha kiti. Aliniuliza nataka kuandika nini. Nikamwambia kriketi, mchezo nilioupenda nikiwa chuoni Nairobi. Alicheka mpaka akavua miwani.

"Karimi, Meru ni miraa, kahawa na ajali. Kriketi ni ya Wazungu na Wahindi."

Sikubishana. Niliandika miraa, kahawa na ajali, lakini nilijiapia kwamba ipo siku.

Ninyi mliozaliwa mkakuta simu mfukoni, jueni tulivyofanya kazi. Ukishaandika habari, ulipiga simu Nairobi ukamsomea mpokea habari neno kwa neno, naye akaichapa. Laini ikikatika, unaanza upya. Majina ndiyo yaliyotuchosha, maana kila herufi ilitajwa peke yake. Basi tukawa na desturi: jina lilikuwa la DC, mbunge na chifu. Mwananchi wa kawaida alikuwa "mkazi mmoja". Hakuna aliyetuamuru, tulizoea tu.

Mwaka wa tisini na sita Kenya ikawapiga West Indies kwenye Kombe la Dunia. Kumbe! Wale wale walioniambia kriketi si yetu sasa walikuwa wakiulizana wiketi ni nini. Nikawaeleza: ni vijiti vitatu vilivyosimamishwa nyuma ya mpigaji, na mpira ukiviangusha, ametoka. Mhariri wa michezo akapiga simu kutoka Nairobi, anataka makala ya jinsi mchezo huu ulivyofika kwetu. Nilimwambia ninaye mtu.

Mtu wangu alikuwa Mzee M'Ikiara wa Ruiri, niliyemjua kwenye mnada wa ng'ombe. Ujanani alikata nyasi za uwanja wa walowezi upande wa Timau. Mchezaji wao akikosekana, walimwita yeye asimame uwanjani kama sabu, yaani mchezaji wa akiba. Sheria ya kriketi ilimruhusu sabu kudaka mpira, si kupiga kwa gongo. Siku moja alimdaka nahodha wa timu ngeni, yaani aliudaka mpira wake kwa mkono mmoja kabla haujagusa chini na kumtoa mchezoni, na mpira ule mgumu ukamvunja kidole. Hakikunyooka tena.

Walowezi walipoondoka walimwachia daftari la alama. Alinifungulia ukurasa wa siku ile. Kila Mzungu ana jina lake. Pa nahodha pameandikwa kwamba alidakwa na "sub".

"Walinijua," alisema. "Waliniita kwa jina kila asubuhi."

Niliondoka nimekasirika, nikaandika makala kwa hasira hiyo. Nilisema mchezo huu ulikuwa wetu hata kabla hatujaruhusiwa kushika gongo. Nikaisoma kwa simu, ikachapwa, nami nikampelekea gazeti Ruiri mwenyewe, kifua mbele.

Alisoma polepole, kile kidole kilichopinda kikifuata mistari. Alipomaliza alisoma tena, kisha akalikunja.

"Umeandika vizuri, mwanangu. Lakini huyu 'mzee mmoja wa Ruiri' ni nani? Hata wewe umeniandika sabu."

Haki ya Mungu, nilitamani ardhi inimeze. Hakuna mhariri aliyelikata jina lake. Ni mimi, kwa mdomo wangu, nililiruka kwenye simu kwa mazoea.

Kesho yake niliomba masahihisho. Mhariri akajibu kwamba masahihisho ni ya makosa, na kosa halioni.

"Kosa ni kwamba ana jina," nikamwambia, "na mimi ndiye niliyemnyima."

Akakata simu. Nikapiga asubuhi iliyofuata, kabla ya habari za kahawa, na asubuhi nyingine, na nyingine. Mkuu wa ofisi alinionya kwamba naitafutia kazi yangu kifo. Nikamwambia ikifa nitaizika, lakini nitapiga. Wiki ya pili mhariri alishusha pumzi, akasema, "Taja herufi." Nilizitaja mara mbili.

Ilitoka mistari mitatu, chini ya tangazo la dawa ya mifugo. Mzee M'Ikiara aliikata kwa wembe, akaomba uji mzito jikoni, akaibandika kwenye daftari, juu ya lile neno.

Nimestaafu sasa. Nimeandika habari za wakubwa wengi na sikumbuki nusu yao. Mwaka jana nilipita Ruiri, mzee akiwa ameshatutoka, na binti yake akanitolea daftari. Karatasi imegeuka rangi ya chai, panya wametafuna pembe, lakini uji umeshika. Nilijaribu kuusoma ukurasa ule kama mgeni. Nahodha ametoka, amedakwa na M'Ikiara.